Jinsi ya Kuipima Habari ya Nyota wa Hoki ya Barafuni Anapoihama Timu Yake ya Miaka Mingi

Kila tarehe 1 Julai, saa sita mchana kwa saa za New York na Toronto, soko la wachezaji huru, yaani waliomaliza mikataba yao, la NHL, ligi kuu ya hoki ya barafuni ya Marekani na Kanada, hufunguliwa, na kabla jua halijatua huenda nahodha ambaye mashabiki walimwona akikua tangu ana miaka 18 akawa ameshamwaga wino katika timu nyingine. Yanayosemwa kwanza huwa ni usaliti, tamaa na asante ya punda. Mwongozo huu ni wa msomaji anayetaka kuielewa habari hiyo kabla ya kuchukua upande. Kwa maoni yangu, aanze na mambo mawili: timu ilikuwa na nafasi gani katika kikomo chake cha mishahara, yaani jumla ya juu ambayo ligi inairuhusu kuwalipa wachezaji wake, na ni miaka mingapi ya mkataba iliyowekwa mezani. Mapenzi na uaminifu vina nafasi yake, lakini mara nyingi mambo hayo mawili huwa yameshaamua.

Rudisha kalenda nyuma

Mchezaji wa NHL huwa huru kabisa pale mkataba wake unapokwisha akiwa ametimiza umri wa miaka 27 au amecheza misimu saba. Kama ilivyo kwa mchezaji wa kandanda aliyemaliza mkataba, timu anayoiacha haipati ada yoyote. Kwa sababu hiyo, usiichunguze siku ya kuondoka peke yake. Rudi nyuma mwaka mzima. Kanuni zinaruhusu nyota aliyebakiza msimu mmoja kuongeza mkataba kuanzia tarehe 1 Julai ya mwaka uliotangulia, na ukimya wa miezi hiyo ni dalili ambayo watu wengi huipuuza. Steven Stamkos, nahodha wa Tampa Bay Lightning aliyeiongoza timu hiyo kutwaa Kombe la Stanley, ubingwa wa NHL, mwaka 2020 na 2021, alisema hadharani Septemba 2023 kwamba amesikitishwa na kutofanyika kwa mazungumzo yoyote ya mkataba. Miezi tisa baadaye alipoondoka, waliokuwa wakifuatilia hawakushangaa.

Kituo cha pili cha kukagua ni siku ya mwisho ya kubadilishana wachezaji, ambayo kwa kawaida huangukia mwezi Machi au mwishoni mwa Februari. Hapo timu huamua ama kumuuza nyota ambaye hajaongeza mkataba, ama kubaki naye na kukubali hatari ya kumpoteza bure. New York Islanders walibaki na John Tavares mwaka 2018, naye tarehe 1 Julai akaenda Toronto Maple Leafs bila Islanders kupata chochote. Colorado Avalanche hawakutaka yawafike hayo: Januari 2025 walimpeleka mshambuliaji wao Mikko Rantanen timu ya Carolina, ingawa alikuwa ametwaa nao ubingwa mwaka 2022. Ukikuta meneja mkuu, yaani msimamizi wa usajili wa timu, analaumiwa kwa kumwachia nyota aende, uliza kwanza alifanya nini miezi minne kabla ya soko kufunguliwa, na kama mkataba wa mchezaji ulikuwa na kipengele cha kukataa kuhamishwa, maana kipengele hicho humfunga meneja mikono.

Piga hesabu ya nafasi, halafu uliza ilitumiwa kwa nani

NHL ina kikomo kigumu cha mishahara. Kilikuwa dola milioni 83.5 kwa kila timu katika msimu wa 2023–24, kikapanda hadi milioni 88 msimu uliofuata na milioni 95.5 katika msimu wa 2025–26. Ukiondoa nafuu inayotolewa kwa majeruhi wa muda mrefu, timu haiwezi kukivuka hata mmiliki wake awe tajiri kiasi gani. Kinachohesabiwa kila mwaka ni wastani wa mkataba, yaani jumla ya fedha ikigawanywa kwa idadi ya miaka. Kwa hiyo mkataba wa Tavares wa miaka saba na dola milioni 77 uliichukulia Toronto nafasi ya milioni 11 kila msimu.

Habari ya Stamkos inafaa kuangaliwa kwa ukaribu, kwa kuwa mahesabu yake yako wazi. Mkataba wake uliokuwa unakwisha ulikuwa na wastani wa dola milioni 8.5. Tarehe 29 Juni 2024 Tampa Bay walimpeleka beki Mikhail Sergachev timu ya Utah, na beki huyo naye alikuwa anachukua milioni 8.5. Shabiki aliyesikia habari hiyo jioni ile angeweza kudhani kwamba nafasi imetengenezwa kwa ajili ya nahodha. Kesho yake timu ilinunua kutoka Carolina haki ya kuzungumza na mshambuliaji Jake Guentzel kabla ya soko kufunguliwa, na tarehe 1 Julai ikampa miaka saba kwa dola milioni 63, yaani wastani wa milioni tisa. Siku hiyohiyo Stamkos, baada ya misimu 16 na mabao 555, alisaini Nashville Predators miaka minne kwa dola milioni 32.

Kwa hiyo fedha zilikuwepo. Kilichoamua ni umri: Stamkos alikuwa na miaka 34, Guentzel 29. Anayesema kwamba Tampa walishindwa kumlipa nahodha wao anakosea, na anayesema kwamba nahodha aliikimbia timu anakosea zaidi. Hata hoja ya kodi haisaidii hapa. Ni kweli kwamba jimbo la Tennessee, iliko Nashville, halitozi kodi ya mapato ya mishahara, lakini Florida nayo haitozi; hoja hiyo ichunguzwe jimbo kwa jimbo, isirukiwe tu kwa sababu inapendeza kusimulia.

Tazama idadi ya miaka kuliko jumla ya fedha

Kwa kanuni zilizotawala mikataba yote niliyoitaja, timu ya mchezaji iliruhusiwa kumpa hadi miaka minane, na timu nyingine yoyote hadi saba tu. Mwaka huo wa nane ndio uliokuwa silaha kuu ya timu ya zamani. Ndiyo maana Mitch Marner, aliyecheza misimu tisa Toronto, hakungoja soko lifunguliwe mwaka 2025: Toronto walimsainisha miaka minane kwa dola milioni 96 na papo hapo wakampeleka Vegas Golden Knights, wao wakimpokea Nicolas Roy. Marner alipata mwaka ambao Vegas peke yao wasingeweza kumpa, na Toronto wakaambulia mchezaji mmoja badala ya kubaki mikono mitupu. Ukiona mpango wa namna hii, usiuhesabu kuwa uhamisho wa kawaida wa mchezaji huru.

Mikataba mirefu pia ina deni lake. Mwaka 2012 Zach Parise aliiacha New Jersey na Ryan Suter akaiacha Nashville, na kila mmoja akasaini miaka 13 kwa dola milioni 98 na Minnesota Wild. Mwaka uliofuata ligi iliweka ukomo wa miaka. Mwaka 2021 Minnesota waliamua kuivunja mikataba yote miwili kwa kuwalipa fidia, na katika misimu ya 2023–24 na 2024–25 zaidi ya dola milioni 14 za kikomo chao zililiwa kila msimu na wachezaji wawili ambao hawakuwa wakiwachezea. Unaposoma mkataba mpya, kagua pia ni kiasi gani kimewekwa kama bonasi ya kusaini, kwa sababu kuvunja mkataba hupunguza mshahara wa kawaida lakini hakuigusi bonasi.

Hukumu baada ya msimu, na pande zote mbili

Usiku wa kwanza wa nyota kurudi kwenye uwanja wake wa zamani haukuambii lolote kuhusu usajili. Tarehe 28 Februari 2019 mashabiki wa Islanders walimzomea Tavares kuanzia mazoezi ya kupasha misuli hadi filimbi ya mwisho, na timu yao ikashinda 6–1. Lakini msimu huohuo Tavares alifunga mabao 47, idadi ambayo hakuwa ameifikia kabla ya hapo, wakati Islanders, chini ya kocha mpya Barry Trotz, walitoka kuwa timu iliyofungwa mabao mengi kuliko zote hadi kuwa iliyofungwa machache kuliko zote. Walifika nusu fainali mwaka 2020 na 2021. Toronto walisubiri hadi 2023 kushinda raundi yao ya kwanza ya mtoano tangu 2004, na bao lililowavusha, katika muda wa ziada dhidi ya Tampa Bay, lilifungwa na Tavares.

Kwa Stamkos mizani ililala upande mmoja mapema zaidi. Alitoka mabao 40 katika msimu wake wa mwisho Tampa hadi 27 Nashville, timu yake mpya ikakosa mtoano, na Guentzel akafunga 41.

Jambo moja la kuzingatia kwa mikataba ijayo: makubaliano mapya kati ya ligi na chama cha wachezaji, yanayoanza Septemba 2026, yanashusha ukomo hadi miaka saba kwa timu ya mchezaji na sita kwa timu nyingine. Anayeulinganisha mkataba wa wakati huo na wa Marner au Tavares alinganishe wastani wa mwaka, tena kama sehemu ya kikomo cha msimu husika, maana dola milioni 11 za mwaka 2018 zilikuwa fungu kubwa zaidi la bajeti kuliko dola milioni 12 za mwaka 2025.