"Å snakke": kitenzi cha kukishika mapema ukihamia Norwei

Watu wengi wakifika Norwei huanza kujifunza lugha kwa majina ya vitu: mkate, basi, koti, theluji. Ni vizuri, lakini jina la kitu halikuwezeshi kupiga simu kwa daktari wala kumuuliza mwalimu mwanao anaendeleaje. Ushauri wangu kwa anayeanza ni achukue kitenzi kimoja, "å snakke", yaani kuongea, akijue pamoja na maneno madogo yanayoandamana nacho, hadi kimtoke mdomoni bila kufikiri.

Matamshi kwanza. S na n zinatoka pamoja, hakuna irabu katikati. Ulimi wetu uliolelewa na Kiswahili hupenda kuingiza i, ikawa "sinake", na Mnorwei anabaki amekutazama. Kisha zile k mbili zina kazi: a inakuwa fupi, sauti inakwama kidogo kwenye k, halafu e ya mwisho inalegea. Jizoeze polepole: snak, ke.

Upande wa sarufi kuna nafuu. Sisi tumezoea ninaongea, unaongea, wanaongea, lakini hapa kitenzi hakibadiliki kwa ajili ya mtu yeyote: jeg snakker, du snakker, vi snakker, de snakker. Hatari ni kwamba kwetu mtendaji yumo ndani ya kitenzi, kwa hiyo ni rahisi kusahau "jeg" (mimi) na kusema "snakker norsk" peke yake. Kwa Kinorwei nafsi lazima itajwe. Wakati uliopita ni "snakket", na wengi husema "snakka". Zote mbili zinakubalika katika maandishi ya bokmål, mojawapo ya namna mbili rasmi za kuandika Kinorwei. Baada ya kan (kuweza), vil (kutaka), skal (kukusudia) na må (kulazimika), ile "å" iliyo kama "ku-" yetu inaondoka: "Jeg vil snakke", nataka kuongea, basi.

Mpangilio wa maneno ndio unaotusumbua zaidi. Sisi tunasema "Jana niliongea na mwalimu", na mtu akipanga hivyohivyo anapata "I går jeg snakket med læreren". Siyo. Katika sentensi kuu ya kueleza jambo kitenzi kinakaa nafasi ya pili, hata ikianza na jana, kesho au sasa: "I går snakket jeg med læreren." Ukiizoea kwa kitenzi hiki kimoja, umeizoea kwa vitenzi vyote.

Sasa yale maneno madogo. "Snakke med" ni kuongea na mtu. "Snakke om" ni kuongea kuhusu jambo. Viunganishe: "Jeg vil gjerne snakke med deg om sønnen min", ningependa kuongea nawe kuhusu mwanangu. "Snakke til" ni kumsemesha mtu, na mara nyingi inasikika kama maneno yanakwenda upande mmoja tu, kwa hiyo kwa mazungumzo ya kawaida tumia "med". Jina la lugha halihitaji kiunganishi chochote: "Jeg snakker swahili."

Kosa moja nalisikia sana kwa watu wetu, hata waliokaa muda mrefu: "Han snakket at han kommer." Kwetu mtu anaweza kuongea kwamba atakuja, na tukaelewana. Kwa Kinorwei "snakke" haibebi ujumbe wenyewe. Ukitaka kueleza kilichosemwa, tumia "å si": sier, sa, har sagt. "Han sa at han kommer." Kumsimulia mtu jambo ni "å fortelle". Kupiga soga ni "å prate", neno zuri la mapumziko ya chakula kazini.

Kuna misemo miwili inayofanana kwa sura na kuachana kabisa kwa maana. "Det er snakk om" utaisikia maofisini na kwa mafundi: "Det er snakk om to uker", yaani tunazungumzia kama wiki mbili hivi, ni makadirio. Usiondoke ukidhani umepewa tarehe. Lakini "Ikke snakk om!" ni katazo, haiwezekani kabisa. Anayesikia neno "snakk" tu na kuacha mengine anaweza kudhani bado kuna nafasi ya kujadiliana.

Na mtu akikuaga kwa "Vi snakkes", ameaga tu, tutaongea tena siku moja. Usikae karibu na simu.

Kwenye simu, sentensi nne zinatosha kwa kuanzia, nami naamini zinafaa kubandikwa ukutani. "Kan jeg få snakke med ...?", naweza kuongea na fulani? "Hvem snakker jeg med?", naongea na nani? "Kan du snakke litt saktere?", unaweza kuongea polepole kidogo? "Kan du si det en gang til?", unaweza kurudia? Angalia hiyo ya mwisho inatumia "si", kwa sababu unaomba maneno yaleyale yarudiwe. Salamu zetu ndefu hazina nafasi hapa: unasema "Hei", jina lako, shida yako. Hawakuoni huna adabu. Daktari na mkuu wa shule nao huitwa "du" (wewe), na heshima inabaki kwenye sauti na kwenye "gjerne" (kwa furaha) na "takk" (asante).

Wanorwei wengi wanajua Kiingereza vizuri, na wakiona unahangaika wanahamia huko kwa nia njema. Hapo ndipo wanadiaspora wengi wanapokwama miaka. Sema kwa upole: "Jeg vil gjerne snakke norsk. Jeg prøver å lære", ningependa kuongea Kinorwei, najaribu kujifunza. Karibu kila mara watakurudia kwa Kinorwei, na polepole zaidi. Wakati mwingine utamsikia mtu akisema "ja" huku akivuta pumzi ndani, kama aliyeshtuka. Hajashtuka. Anakubali, anafuatilia, endelea kuongea.

Lakini kuna mahali ambapo ujasiri wa kuongea mwenyewe unaweza kukudhuru: hospitali, polisi, mahakama, kikao na ustawi wa watoto. Sheria ya ukalimani, "tolkeloven", iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 2022, inazitaka ofisi za umma zitumie mkalimani mwenye sifa pale anapohitajika kulinda haki za mtu au kumpa huduma iliyo salama. Sheria hiyohiyo inakataza kumtumia mtoto kama mkalimani, isipokuwa katika hali chache kama dharura. Kwa hiyo usimkubalie mtu akuambie uje na binti yako akutafsirie. Sema: "Jeg trenger tolk. Jeg snakker swahili", nahitaji mkalimani, naongea Kiswahili. Ndugu zetu waliotoka Kivu waongeze "fra Kongo", maana Kiswahili cha Bukavu na cha Dar es Salaam vinaweza kupishana palepale unapoeleza maumivu yako.

Mazungumzo yakipanda na kuwa mjadala, kuna "å diskutere", mkazo ukiwa kwenye -te-: diskuterer, diskuterte, har diskutert. Hiki hakihitaji "om" kabla ya jambo lenyewe: "Vi må diskutere prisen", lazima tujadili bei. Kina joto kidogo, kwa hiyo jambo likiwa nyeti, kama mgawanyo wa zamu kazini, naona afadhali "Kan vi snakke om det?", tunaweza kuliongelea? Mlango unabaki wazi. "Å drøfte" ni cha maandishi na mitihani. Ukiambiwa "drøft", wanataka upime pande zote mbili za hoja kabla hujatoa msimamo.

Ndani ya mjadala utahitaji kutofautisha "synes" na "tror". "Jeg synes" ni naona, maoni yako juu ya jambo unalolijua au ulilolionja: "Jeg synes maten er god", naona chakula ni kitamu. "Jeg tror" ni nadhani, huna hakika: "Jeg tror han kommer." Kukubaliana ni "Jeg er enig", na kupinga kwa staha ni "Jeg er ikke helt enig", sikubaliani kabisa na hilo lote. Staha hiyo inathaminiwa sana, na kunyamaza kwa ajili ya heshima, tulivyofundishwa mbele ya wakubwa, huku huweza kusomeka kama huna la kusema.

Mahali pa kujizoeza papo, bila malipo: "språkkafé", meza za mazungumzo ambazo maktaba nyingi na Msalaba Mwekundu huziandaa. Nenda na mada moja kichwani, bei ya nyumba au chakula cha shuleni, usingoje kuulizwa. Faida yake utaiona kwenye Norskprøven, mtihani rasmi wa Kinorwei, sehemu ya kuongea. Tangu tarehe 1 Oktoba 2022, anayeomba uraia kwa kawaida anatakiwa awe amefikia B1, kiwango cha kati, katika kuongea, na kwenye mtihani huo mara nyingi unaingia na mtahiniwa mwenzako mzungumze wawili. Usimalize hoja yako na kunyamaza. Mgeukie mwenzako umuulize "Hva synes du?", wewe unaonaje, kisha umjibu kwa alichosema yeye, maana kinachopimwa hapo ni pamoja na uwezo wako wa kushirikiana na mtu katika mazungumzo.