Dakika nne darini

Baada ya swala ya alfajiri napanda darini na mkeka wangu, kabla jua la Lamu halijawa kali. Kwanza napasha mwili: ngazi juu, ngazi chini, dakika 5. Kisha nachuchumaa na kuinuka mbiombio sekunde 20, napumzika 10, mara 8. Basi! Mjapani Izumi Tabata alichapisha utafiti wa mtindo huu mwaka 1996. Vijana aliowapima, juu ya baiskeli, waliongeza pumzi na nguvu. Ukiweza kupiga soga katikati, hujajituma. Usirukeruke, jirani wa chini aliwahi kunigongea akidhani dari inaporomoka. Mwenye presha amwone daktari kwanza. Siku 3 kwa wiki zanitosha, nyingine naenda Shela kwa miguu.