Jinsi ya kujibu hoja ya "asilimia 20 ya oksijeni"

Nikifundisha mdahalo kidato cha tatu, huanza na Agosti 2019: Amazon inawaka, Rais Macron wa Ufaransa anaandika kwamba msitu ule hutoa asilimia 20 ya oksijeni ya dunia. Usibishane kwa kelele. Uliza: majani yakioza, oksijeni inakwenda wapi? Vijidudu na miti yenyewe huitumia karibu yote, ziada inakaribia sifuri.

Kisha leta kipimo. Mwanasayansi Mmarekani Ralph Keeling anapima oksijeni ya hewa tangu mwishoni mwa miaka ya 1980. Oksijeni hupungua takriban molekuli 4 katika kila molekuli milioni za hewa kwa mwaka, hasa kwa sababu ya mafuta na makaa tunayochoma.

Hapo mpinga hifadhi ya msitu atashangilia, kana kwamba msitu hauna faida. Usimwachie! Amazon imeshikilia kaboni nyingi mno, na mvuke wake hunyesha hadi mashamba ya kusini mwa Brazili.