Namna ya Kusoma Maoni ya Wachezaji Kuhusu Mchezo wa Kutisha wa Ndoto: Mfano wa Yume Nikki

Anayetaka kununua mchezo wa kompyuta wa mpira au wa mbio za magari anaweza kutazama alama za jumla, akasoma maoni mawili matatu, kisha akaamua. Mchezo wa kutisha unaohusu ndoto, hasa ile ndoto ambayo mwotaji anajua kuwa anaota, unadai usomaji wa makini zaidi, kwa sababu jambo lilelile linalomfanya mchezaji mmoja ausifu kwa moyo wote ndilo linalomfanya mwenzake aufute kwenye kompyuta baada ya nusu saa. Mwongozo huu unaeleza namna ya kuyasoma maoni ya aina hiyo ili msomaji apate jibu la swali lake mwenyewe, yaani kama mchezo huo utamfaa yeye. Mfano nitakaoutumia ni Yume Nikki, mchezo wa Kijapani uliotolewa bure tarehe 26 Juni 2004 na mtunzi anayejulikana kwa jina moja tu la Kikiyama, pamoja na toleo lililoundwa upya mwaka 2018 kwa jina la Yume Nikki: Dream Diary.

Jambo la kwanza ni kuufahamu muundo wa mchezo kabla ya kusoma hata oni moja, kwa kuwa wachezaji wengi huandika wakidhani kwamba msomaji tayari anaujua. Katika Yume Nikki unamwongoza msichana aitwaye Madotsuki, ambaye anaishi peke yake katika chumba kidogo na hataki kutoka nje. Ukimpeleka mlangoni, hutikisa kichwa kukataa. Anaweza kusimama kwenye roshani, kuandika katika shajara yake, jambo ambalo ndilo linalohifadhi mchezo, kucheza mchezo mdogo kwenye televisheni yake, au kulala. Akilala hujikuta katika chumba kilekile ndotoni, lakini safari hii mlango unafunguka na kumfikisha mahali penye milango 12, kila mmoja ukiingia katika ulimwengu wake. Kazi yake ni kuzunguka na kukusanya vitu 24 vinavyombadilisha umbo au kumpa uwezo fulani, kwa mfano baiskeli, mwavuli, taa na kisu. Hakuna mapigano ya kupata alama, hakuna mazungumzo, na hakuna anayekueleza uende wapi. Akitaka kuamka hujifinya shavu.

Ukishayajua hayo, maoni mengi yanaanza kusomeka kwa namna nyingine kabisa. Mchezaji anayeandika kwamba "hakuna kitu cha kufanya" anaeleza mchezo uleule ambao mwingine ameusifu kwa kuwa unamwacha huru. Wote wawili wanasema kweli. Kwa hiyo, badala ya kuhesabu wangapi wamependa na wangapi wamechukia, tafuta maoni mawili yanayopingana juu ya jambo moja, uyasome pamoja, na ujiulize ni tabia gani ya mchezo inayoweza kuzaa hukumu zote mbili. Tabia hiyo ndiyo habari unayoihitaji, na hukumu yenyewe unaweza kuiweka kando. Katika Yume Nikki tabia hiyo ni ukimya wa mtunzi: ramani kubwa, baadhi yake zikijirudia pasipo mwisho kila unapofika ukingoni, na wala hakuna ishara ya kukuonyesha kwamba umepotea. Anayefurahia kutembea mahali pasipojulikana atakaa humo kwa saa nyingi, ilhali anayetaka kupewa lengo ataona muda wake unapotea bure.

Hatua ya pili inahitaji maarifa kidogo kuhusu ndoto ya kujitambua yenyewe, yaani ile ambayo mwotaji anajua kuwa anaota, kwa sababu hapa ndipo ninapoona maoni mengi yakikosea, na makosa hayo humpotosha msomaji. Daktari wa Kiholanzi Frederik van Eeden aliieleza ndoto ya namna hii katika makala yake ya mwaka 1913. Mwaka 1975, katika Chuo Kikuu cha Hull nchini Uingereza, Keith Hearne aliweza kunasa ushahidi wake kwa chombo: mwotaji wake, Alan Worsley, alitoa ishara waliyokuwa wamekubaliana kwa kuyachezesha macho akiwa usingizini, kwani katika hatua ya usingizi ambayo ndoto hizi hutokea misuli ya mwili huwa imelegea lakini macho hubaki yakitembea. Stephen LaBerge wa Chuo Kikuu cha Stanford akaja kuthibitisha jambo hilo kwa majaribio yake mwenyewe. Katika kazi hizo tunajifunza kwamba kujua kuwa unaota ni jambo moja, na kuiamrisha ndoto ifuate matakwa yako ni jambo jingine. Mtu anaweza kutambua waziwazi kwamba yumo ndotoni na bado ashindwe kulifukuza lile linalomkimbiza.

Kwa hiyo, unapokuta mchezaji analalamika kwamba mchezo "si wa ndoto ya kujitambua kwa sababu siwezi kubadilisha chochote", jua kwamba amechanganya mambo mawili. Madotsuki anajua njia ya kuamka na anaitumia apendapo. Huo ni utambuzi. Viumbe wa ndotoni na njia zake haviko mikononi mwake. Kwa maoni yangu hofu ya mchezo huu imejengwa katika pengo hilo hasa, na mchezo wa kutisha unaompa mchezaji mamlaka yote juu ya ndoto huwa umeivunja hofu yake wenyewe. Lakini hilo halimzuii msomaji kutaka kinyume chake. Kama unatamani kuruka, kujenga na kubomoa ndotoni, basi tafuta katika maoni maneno yanayotaja vitendo halisi, yaani mchezaji alifanya nini na dunia ya ndoto ikajibu vipi, wala usiridhike na sifa kwamba mchezo "unakufanya uhisi uko ndotoni", kwa kuwa sifa hiyo haisemi ni nani anayeiendesha ndoto.

Baada ya hapo tazama muda aliocheza mwandishi wa maoni. Duka la mtandaoni la Steam, ambako Yume Nikki inapatikana bure tangu Januari 2018, huonyesha kando ya kila oni idadi ya saa ambazo mhusika amecheza, na msomaji anaweza kuyachuja maoni kwa kigezo hicho. Katika michezo ya ndoto kigezo hiki kina uzito wa pekee, kwani yaliyomo hayapangwi katika mstari mmoja ambao kila mchezaji anaupitia. Chukua mfano wa Uboa, kiumbe maarufu kuliko wote katika Yume Nikki. Yuko nyumbani kwa msichana mwenye nywele za manjano aitwaye Poniko, na hujitokeza pale tu unapozima taa ya chumba, tena kwa bahati ya mara moja kati ya 64. Mchezaji anaweza kuingia chumba hicho, akazima taa, asione kitu, akatoka na kuandika kwa unyofu kwamba mchezo hautishi. Mwingine akizima taa mara ya kwanza tu hukutana na uso ule, kisha hupelekwa mahali asipoweza kutoka ila kwa kuamka, naye huandika kwamba hajawahi kutishwa namna ile. Usimwite yeyote kati yao mwongo. Soma saa zao, soma wametaja milango mingapi, na uwape uzito zaidi wale wanaosema waliona nini na walikiona wapi.

Aina ya hofu ndiyo sehemu inayostahili muda wako mwingi kuliko zote, na ni sehemu ambayo alama za jumla hazisemi lolote juu yake. Kuna hofu ya mshtuko wa ghafla, ambapo kelele na picha vinakurukia kwa pamoja. Kuna hofu ya kufukuzwa, ambayo hupandisha mapigo ya moyo kwa muda kisha ikaisha. Na kuna hofu inayotambaa polepole, inayofanana na ule uzito wa jinamizi linapomkalia mtu kifuani, ambapo hakuna kilichotokea lakini mwili unakataa kutulia. Yume Nikki imesimama zaidi juu ya hofu hii ya tatu, ikitumia vipande vifupi vya muziki vinavyorudiwarudiwa na picha ambazo hazipewi maelezo. Ipo hofu ya kufukuzwa kidogo: viumbe wenye sura ya ndege, wakimkamata Madotsuki, humtupa mahali palipofungwa, ingawa hafi na anaweza kujifinya akaamka. Unaposoma maoni, andika pembeni kila neno linaloeleza hofu, halafu ulipange katika mojawapo ya makundi hayo. Maoni mengi yakiangukia kundi usilolipenda, umepata jibu lako hata kama mchezo umesifiwa na dunia nzima. Angalia pia kama wachezaji wanataja sauti na hedifoni, maana mchezo ambao hofu yake imo katika sauti hupoteza sehemu kubwa ya nguvu zake ukichezwa sebuleni penye kelele, na oni la aliyecheza hivyo halina budi kusomwa kwa tahadhari.

Lipo tatizo jingine linalojitokeza pale mchezo unapokuwa na toleo jipya. Yume Nikki: Dream Diary ilitolewa tarehe 23 Februari 2018, ni ya kulipia, na imeigeuza safari ile kuwa ya michoro ya pande tatu yenye mafumbo ya kutatua, kuruka vikwazo na kujificha. Wengi waliolipokea vibaya toleo hilo walikuwa wamekaa na mchezo wa kwanza kwa miaka mingi, na malalamiko yao, ukiyasoma vizuri, yanahusu kile kilichoondolewa, yaani uhuru wa kupotea. Mchezaji mpya ambaye hajaugusa mchezo wa 2004 hana msiba huo, na huenda akafurahia mafumbo ambayo wenzake wameyaona kuwa kifungo. Kwa sababu hiyo tenga malalamiko ya kulinganisha na malalamiko ya mchezo wenyewe. Oni linalosema kwamba udhibiti ni mzito, kwamba msichana anachelewa kuruka au kwamba mchezo ni mfupi, linamhusu kila mtu. Oni linalosema kwamba roho ya mchezo wa zamani imepotea linawahusu zaidi waliouishi. Mimi mwenyewe niko upande wa mchezo wa kwanza na sioni haya kulisema, lakini mwenye kutaka ushauri wa kununua hasaidiwi na mapenzi yangu.

Mambo ya kiufundi yatazamwe haraka. Soma tarehe ya oni, kwa kuwa hitilafu iliyolalamikiwa wakati wa kutolewa huenda imeshatengenezwa, na Steam hutenganisha alama za siku 30 za karibuni na zile za tangu mwanzo. Alama ya "mchanganyiko" maana yake ni kwamba wanaopendekeza wako kati ya asilimia 40 na 69, na katika michezo ya aina hii alama hiyo isikukimbize. Yume Nikki ya 2004 iliundwa kwa RPG Maker 2003, programu ya kuundia michezo, kwa hiyo kompyuta ya zamani haina shida nayo na upakuaji wake hautamaliza bando. Toleo la 2018 linahitaji mashine yenye nguvu zaidi. Maneno ni machache sana katika yote mawili, jambo ambalo ni heri kwa mchezaji wa lugha yoyote.

Kabla ya kuamua, tafuta maoni yanayotaja maudhui mazito. Wachezaji waungwana huficha sehemu zinazofichua mwisho, na Steam inawapa nyenzo ya kufanya hivyo, lakini kuna jambo ambalo ni afadhali ulijue mapema hata kama linapunguza mshangao: Yume Nikki inagusa upweke wa kupindukia na kujiua, tena bila neno la faraja. Anayepitia kipindi kigumu, au mzazi anayemchagulia kijana wake, asilipuuze. Mwenye kifafa kinachochochewa na mwanga atafute pia kama wachezaji wametaja picha zinazometameta. Utakuta vilevile wachezaji wanaosema kwamba mchezo uliwashawishi kujifunza kuota kwa kujitambua, wakapendekeza mbinu ya kuamka usiku wa manane na kurudi kulala. Mbinu hiyo inakatiza usingizi, nayo haifai kwa mtu anayelala kwa shida au anayetakiwa kuendesha gari asubuhi. Desturi ya kuandika ndoto kila unapoamka ni salama zaidi, na ndiyo anayoifuata Madotsuki mwenyewe kwenye meza yake.

Ukibaki na shaka, anza na mchezo wa 2004, kwa kuwa ni wa bure, kisha uamue kama toleo la kulipia linakuvutia. Ukilinunua Steam, masharti ya duka yanaruhusu kurudishiwa fedha ikiwa ombi linatolewa ndani ya siku 14 tangu ununuzi na umecheza chini ya saa 2, kwa hiyo panga kikao chako cha kwanza kwa utulivu, usiku, ukiwa na hedifoni, ili saa hizo zikupe picha ya kweli. Na utakapoandika oni lako, taja milango uliyoingia, muda uliocheza na aina ya hofu uliyoipata, useme kama uliucheza mchezo wa kwanza kabla ya huo wa pili, na yaliyo mwishoni uyaweke chini ya alama ya kuficha.