Kukagua Mazda Atenza ya dizeli kabla hujatoa pesa

Atenza za dizeli za lita 2.2 zilianza kuuzwa Japani mwisho wa 2012, na sasa ziko tele kwenye yadi za Nairobi na Mombasa. Ni injini nzuri, yenye nguvu na isiyokula mafuta. Adui yake ni masizi, na masizi huletwa na safari fupi za foleni. Karibu kila hatua hapa chini inauliza swali moja: gari hili limeishi barabara kuu au mjini? Rangi, viti na rimu zisubiri.

Beba tishu nyeupe, tochi, glavu, na kompyuta ya Windows yenye programu ya FORScan (husoma kompyuta ya gari) pamoja na kifaa cha kuunganisha kwenye soketi ya OBD, yaani tundu la kupimia gari.

Hatua ya 1: Likute baridi

Mwambie muuzaji asiliwashe kabla hujafika. Ukiweka mkono juu ya injini ukakuta joto, rudi kesho asubuhi. Injini ya moto huficha kelele za cheni iliyo ndani yake, moshi wa kuwasha na udhaifu wa betri.

Hatua ya 2: Dipstiki

Hapa ndipo wanunuzi wengi hupita haraka, na hapa ndipo gari hili husema ukweli wake.

Kichujio cha masizi, yaani DPF, kikijaa, injini humwaga dizeli ya ziada kwenye silinda baada ya mlipuko ili joto la ekzosi lipande hadi takriban nyuzi 600 na masizi yaungue. Dereva akizima gari kabla kazi haijaisha, sehemu ya dizeli hiyo hupita kwenye kuta za silinda na kushuka kwenye oili. Zoezi hilo likikatizwa kila siku, oili huwa nyepesi na kimo chake hupanda badala ya kushuka. Ndiyo maana dipstiki ya Mazda hii ina alama ya X juu ya F (alama ya kujaa).

Chomoa, futa, rudisha, chomoa tena, gari likiwa mahali tambarare. Oili ikiwa karibu na X, gari hilo limekuwa likikatizwa kwa muda mrefu. Ikivuka X, usikubali hata liwashwe: oili ikizidi sana inaweza kuvutwa na injini kama mafuta, nayo injini ikazunguka kwa kasi isiyozuilika hata ukizima swichi.

Sasa dondosha tone kwenye tishu na usubiri dakika chache. Tone likibaki jeusi katikati, hiyo ni kawaida ya dizeli. Likizungukwa na duara pana la majimaji mepesi, na ukinusa ukasikia harufu ya dizeli, oili imechanganyika.

Je, ukikuta oili ina rangi ya asali? Usifurahi. Oili ya dizeli hugeuka nyeusi muda mfupi tu baada ya kubadilishwa, kwa hiyo oili safi maana yake imewekwa jana au leo, na ushahidi umemwagwa nayo. Omba risiti na uangalie aina. Injini hii inataka oili inayoacha majivu kidogo ikiungua, yenye daraja la DL-1 ya Kijapani au ACEA C3 ya 5W-30. Ukiambiwa imewekwa 15W-40 ya malori, jua DPF imekuwa ikila majivu. Masizi huungua, majivu hayaungui. Yakijaa, dawa ni kuitoa DPF ioshwe, au kununua nyingine.

Hatua ya 3: Liwashe, usikilize

Simama upande wenye mikanda huku mtu mwingine akiwasha. Mchakacho wa cheni wa sekunde moja hivi unavumilika. Ukiendelea zaidi ya sekunde 3, au ukirudi injini ikishapata moto, cheni imelegea au presha ya oili ni ndogo.

Hatua ya 4: Injekta

Vua kifuniko cha plastiki juu ya injini. Kimekaa kwa kubanwa tu. Mulika kwenye mashina ya injekta nne, zile zinazopuliza dizeli kwenye silinda. Panatakiwa pawe pakavu. Ukiona utando mweusi mgumu kama lami, au ukasikia “chuf, chuf, chuf” inayofuata mwendo wa injini, washa (ringi bapa) za shaba chini ya injekta zinavuja. Bei ya washa ni ndogo, lakini madhara ni makubwa: kaboni inayovuja huishia kwenye oili, ikaziba chujio la kufyonzea oili ndani ya sampu (bakuli la oili chini ya injini), na baada ya hapo turbo na kamshafti hukaukiwa. Hitilafu hii ikiwa ya muda mrefu, achana na gari.

Hatua ya 5: Mdomo wa ekzosi

Ingiza kidole chenye tishu kwenye bomba la nyuma na uzungushe. DPF nzima huacha bomba safi kiasi cha kukushangaza. Tishu ikitoka na masizi meusi, DPF imepasuka, au fundi ameikata na kuitoa matumbo. Tafuta mshono mpya wa kulehemu kwenye kopo lake. Gari la namna hiyo mimi silinunui hata likipunguzwa bei, maana kompyuta nayo imedanganywa na hutajua nini kingine kimezimwa.

Hatua ya 6: Kompyuta ya gari

Bonyeza kitufe mara mbili bila kukanyaga breki ili dashibodi iwake injini ikiwa imezimwa. Taa ya injini lazima ionekane. Isipoonekana, imefichwa.

Visomaji vidogo vya bei rahisi husoma misimbo ya hitilafu tu, na misimbo hufutwa kwa sekunde. Ndiyo sababu napendelea FORScan: inasoma data za ndani za Mazda. Tahadhari na vifaa bandia vya ELM327 (vile vya kuunganisha kompyuta na soketi ya OBD). Vingi vilivyoandikwa v2.1 vimepunguziwa amri na vitakukatikia katikati ya kazi.

Tazama haya:

- Umbali tangu misimbo ifutwe. Ukisoma kilomita 3, imefutwa asubuhi hiyo.
- Umbali kati ya DPF kujisafisha mara moja na nyingine. Kilomita 200 hadi 300 ni afya njema. Chini ya 100 ni ugonjwa: injekta zinavuja, manifoldi (mirija ya kuingizia hewa) imeziba kwa masizi, au DPF imejaa majivu.
- Tofauti ya presha kwenye DPF. Injini ikiwa moto na haijakanyagwa, iwe karibu na sifuri, ukikanyaga ipande. Isiposogea kabisa, mpira wa sensa umechomoka au ndani ya DPF hamna kitu.

Muuzaji akiruhusu, chomoa sensa ya presha ya manifoldi na umulike tundu lake. Masizi membamba si neno. Tope jeusi nene linalobanduka kama keki lina maana manifoldi itashushwa na kusafishwa. Toa gharama hiyo kwenye bei.

Hatua ya 7: Barabarani

Dakika 20 zisizopungua, barabara kuu yenye mlima. Kanyaga taratibu kutoka mwendo mdogo: turbo ndogo hukabidhi kazi kwa kubwa, na makabidhiano yasisikike kama shoti. Firimbi kali, moshi mweusi au nguvu kukatika ni sababu ya kusimama. i-stop (mfumo wa kuzima injini gari likisimama) ikigoma kufanya kazi na injini ikinguruma juu kidogo kuliko kawaida, huenda DPF inajisafisha. Endelea kuendesha hadi iishe, dakika 15 hadi 20. Mkirudi, pima dipstiki tena.

Hatua ya 8: Karatasi

Omba rekodi ya gari ya NTSA (mamlaka ya usafiri ya Kenya) kupitia tovuti ya eCitizen, kuona mmiliki na kama benki ina dai. Linganisha kilomita na cheti cha Japani. Fanya hivyo kabla ya kulipa amana.