Kabla Hujamwaga Oili: Mambo ya Kuzingatia kwa Mwenye Gari Dodoma

Wengi wetu huchagua oili tukiwa tumeshachelewa. Fundi kafungua nati ya sampo, oili ya zamani inachuruzika kwenye beseni, na wewe unatumwa dukani mbiombio na ujumbe mmoja tu: "Niletee lita nne na filta ya IST." Hapo anayechagua ni muuzaji, naye atakupa kilichopo kwenye shelfu yake. Oili inatakiwa kuchaguliwa siku moja au mbili kabla, nyumbani, ukiwa na kitabu cha gari mkononi na ukijua vizuri barabara unazopita. Ukishaandika mambo matatu kwenye karatasi, yaani namba ya oili, daraja lake na namba ya filta, duka lolote la spea utaliingia kwa kujiamini.

Anza na jina la injini, usianze na jina la gari. Hiyo hiyo Toyota IST ina matoleo tofauti. Yapo yenye injini ya 2NZ, yapo ya 1NZ, na toleo lililoanza 2007 lina mengine yenye 2ZR. IST ya 1NZ hufungwa filta ya kopo la bati, ile inayosokotwa kwa mkono. Ya 2ZR hufungwa filta ya karatasi tupu inayokaa ndani ya kikombe chake. Kwa hiyo ukisema "filta ya IST" bado hujasema kitu. Jina la injini huandikwa kwenye kibati kilichopigwa chini ya boneti au ukutani mwa chumba cha injini. Lisome, lipige picha na simu, picha ibaki humo. Angalia pia ujazo. Injini ya 1NZ hubeba takriban lita 3.7 ukibadilisha na filta, kwa hiyo galoni la lita nne usilimimine lote kwa sababu tu umelinunua. Oili ikizidi, krenki huipiga hadi ikatoa povu, na povu halilainishi chuma.

Magari mengi tuliyonayo yametoka Japani na kitabu chake kimeandikwa Kijapani. Hilo lisikukatishe tamaa. Fungua kurasa za mwisho zenye majedwali, utaziona tarakimu zenyewe: 0W-20, 5W-30, na ujazo kwa lita. Tarakimu hazihitaji mkalimani.

Sasa hizo namba. Ya mbele, yenye herufi W, inaeleza oili inavyotiririka injini ikiwa baridi. Ya nyuma inaeleza uzito wake ikiwa imechemka, na hupimwa kwenye nyuzi 100 za Selsiasi. Utasikia sana kaunta: "Bosi, Dodoma kuna joto, weka nzito." Ushauri huo una ukweli nusu. Injini ina thermostati, na ikishapata moto hufanya kazi katika joto lile lile karibu siku zote, iwe Njombe kwenye baridi au Bahi saa nane mchana. Joto la nje lina uzito wake, hasa ukipanda mlima na mzigo, ndiyo maana vitabu vingi huweka jedwali la oili kulingana na hali ya hewa na kuruhusu zaidi ya aina moja. Fuata jedwali hilo. Likiruhusu 5W-30 na 10W-30, chagua kati ya hizo. Lisiporuhusu 20W-50, usiiweke hata kama jirani ameweka na gari lake linatembea.

Kwenye injini za VVT-i, yaani mfumo wa Toyota unaobadilisha muda wa valvu kufunguka, jambo hili lina maana zaidi. Mfumo ule unaendeshwa na presha ya oili inayopita kwenye vijia vyembamba, na kabla ya valvu yake kuna chujio dogo la waya. Oili nzito kupita kiasi huchelewa kufika asubuhi, na oili iliyogeuka tope huziba chujio lile. Gari linaanza kukosa nguvu, taa ya injini inawaka, mtu anabadilisha plagi na koili mpaka mfuko unatoboka, kumbe shida ilikuwa oili.

Ile tunayoiita namba 40, isiyo na W, ina kazi yake kwenye injini za zamani ambazo mtengenezaji aliitaja. Kwenye gari la petroli la miaka ya 2000 na kuendelea, mimi siishauri. Kila asubuhi utakapowasha itakuwa nzito, na sehemu kubwa ya kulika kwa injini hutokea pale inapowashwa ikiwa imelala usiku kucha.

Nyuma ya kopo kuna alama ya API, yaani Taasisi ya Petroli ya Marekani, na herufi mbili za daraja la oili. Zinazoanza na S ni za petroli, zinazoanza na C ni za dizeli, na kwa petroli kadiri herufi ya pili inavyosogea mbele kwenye alfabeti ndivyo oili ilivyo ya kisasa. SL ilikuja 2001, SN 2010, SP 2020. Jihadhari na kopo lenye picha nzuri ya gari la mashindano huku nyuma limeandikwa SF. API yenyewe inaeleza kwamba daraja hilo haliyafai magari mengi ya petroli yaliyotengenezwa baada ya 1988. Kwa dizeli za kazi kama Fuso au Land Cruiser ya 1HZ, 15W-40 ya CI-4 hutosha vizuri, ila dizeli mpya zenye chujio la moshi kwenye ekzosi zina oili yake maalumu isiyoacha majivu mengi, na hapo kitabu ndicho cha kusikilizwa. Sinthetiki au ya kawaida? Sinthetiki ni bora na hudumu, lakini ya kawaida yenye namba na daraja sahihi, ikibadilishwa kwa wakati, inazidi sinthetiki iliyochakaa.

Bodaboda na pikipiki nyingi zina jambo la pekee. Klachi yake inaoga oili ile ile ya injini, kwa hiyo tafuta kwenye kopo alama ya JASO MA au MA2, kiwango cha Kijapani cha oili za pikipiki. Oili ya gari yenye viambato vya kupunguza msuguano inaweza kufanya klachi iteleze: injini inanguruma, pikipiki haivuti. Kijana anayebeba abiria wawili kutoka Nkuhungu hadi mjini atadhani sahani za klachi zimekwisha.

Kuhusu oili bandia, kagua kabla hujalipa. Kifuniko kiwe na pete yake ya usalama ambayo haijakatika, namba ya toleo isomeke na isifutike kwa kidole, lebo isiwe imebandikwa upande, na alama ya ubora ya TBS iwepo. Oili ya kupima kutoka kwenye pipa siigusi, maana hakuna anayeweza kukuonyesha daraja lake. Na ukimaliza kumimina, toboa makopo yako kwa bisibisi kabla hujayaacha gereji. Kopo zima lenye lebo safi linajazwa tena na kurudi sokoni, na atakayelinunua anaweza kuwa ndugu yako.

Nije kwenye filta, ambayo watu huipa dakika moja wakati inastahili kumi.

Ishike filta ya kopo mkononi, igeuze uitazame usoni. Utaona tundu kubwa katikati lenye nyuzi za kusokotea, na matundu madogo yamelizunguka. Oili huingia kwa matundu ya pembeni, hupenya karatasi, hutoka katikati ikiwa safi kwenda kwenye beringi. Chungulia ndani ya matundu madogo, mara nyingi utaona raba nyembamba imeyafunika kwa ndani. Hiyo huzuia oili isirudi kwenye sampo gari likizimwa. Raba ikiwa ngumu kama plastiki, au haipo kwenye injini inayoihitaji, asubuhi utasikia injini inakwaruza sekunde chache kabla ya kutulia, kwa sababu filta ililala tupu. Ndani kuna pia valvu ya dharura. Karatasi ikiziba, valvu hufunguka na oili hupita bila kuchujwa, ili injini isikose oili kabisa. Ndiyo maana filta iliyoziba haikupi taarifa. Gari linatembea, oili inazunguka, na uchafu wote unazunguka nayo. Kubadilisha oili ukaacha filta ya zamani ni kuichafua oili mpya siku ile ile.

Kitu kinachoponza wengi ni nyuzi. Toyota nyingi za filta ya kopo hutumia nyuzi za robo tatu ya inchi, yaani milimita 19.05. Honda na Nissan nyingi hutumia milimita 20. Filta ya milimita 20 huweza kuingia kwenye msumari wa Toyota, yaani bolti ya injini inayosokotewa filta, ikazunguka, ikaonekana imekaa, kumbe imeshika kwa ncha za nyuzi tu. Presha ya oili ikipanda barabarani, filta inachomoka na oili yote inamwagika kwa muda mfupi. Kwa hiyo usikubali "hii inaingia". Linganisha namba. Kwa 1NZ, kwa mfano, namba inayotumika sana ya Toyota ni 90915-YZZE1, na filta za makampuni mengine zenye sifa huandika kwenye boksi namba wanayoibadilisha. Beba filta ya zamani pia, ulinganishe kipenyo cha raba, lakini ujue kwamba kufanana kwa kopo hakutoshi.

Filta ya karatasi inayokaa ndani ya kikombe huja na raba zake za mduara. Zibadilishwe zote. Fundi anayerudisha raba ya zamani kwa sababu "bado nzima" anakuachia mvujo.

Kwa huku kwetu siwezi kuzungumzia filta ya oili nikaacha eya klina, yaani filta ya hewa. Mvua za Dodoma huja msimu mmoja, takriban Desemba hadi Aprili. Miezi inayobaki ni ukavu na upepo, na mtaa usio na lami hugeuka unga. Vumbi linaloingia kwenye injini kwa njia ya hewa ni mchanga laini, nao husaga ringi za pistoni kabla filta ya oili haijaukamata. Kagua eya klina kila unapoangalia oili. Ipulize kwa upepo mdogo kutoka upande wa ndani kwenda nje, kamwe si kinyume chake, kisha iinue juani uangalie kama kuna tundu linalopitisha mwanga waziwazi. Ikiwa na tundu, tupa. Oili ya gharama haimuokoi mwenye eya klina iliyochanika.

Vumbi hilo ndilo linalopanga pia umbali wa kubadilisha. Vitabu vya Toyota vya soko la Japani huweka kilomita 15,000 au mwaka mmoja kwa petroli isiyo na tabo (turbo), na nusu yake, kilomita 7,500 au miezi sita, kwa matumizi magumu. Barabara ya vumbi ni matumizi magumu. Safari fupi za kwenda sokoni Majengo na kurudi kabla injini haijapata moto ni matumizi magumu. Kukaa saa nzima Mtumba, kwenye mji wa serikali, umewasha kiyoyozi unamsubiri mtu ni matumizi magumu pia, na hayo kipimo cha kilomita hakiyaoni. Mimi naona kilomita 5,000 au miezi sita, kinachotangulia, ni busara kwa anayeishi mjini hapa na kwenda mara kwa mara Chemba au Mpwapwa vijijini. Usihukumu kwa rangi pekee, maana oili ya dizeli huwa nyeusi ndani ya siku chache na bado ni nzima.

Siku ya kazi yenyewe, kabla nati haijaguswa, injini iwe na uvuguvugu na gari lisimame pasawa. Mwonyeshe fundi nati ni ipi, kwa sababu ya gia boksi huwa karibu na watu wameshamwaga isiyohusika. Akikuambia, "Dada, tuisafishe kidogo kwa dizeli," mkatalie kwa heshima. Dizeli haina nguvu ya kulinda beringi, na kiasi chake hubaki ndani kikachanganyika na oili mpya. Hakikisha raba ya filta ya zamani imetoka nayo, haikuganda kwenye injini, kwani raba mbili zikikutana huvuja. Raba mpya ipakwe oili kwa kidole, filta ifungwe kwa mkono mpaka iguse, kisha robo tatu ya mzunguko. Washa dakika moja, chungulia chini, zima, subiri oili ishuke, ndipo upime kwa kijiti.

Oili chafu usiimwage uani wala usimwachie mtu anayeipaka miti ya uzio dhidi ya mchwa kwa mikono mitupu, maana ina vitu vinavyosababisha saratani. Tena sehemu kubwa ya maji ya mji huu hutoka ardhini, kwenye visima vya Mzakwe. Irudishe kwenye chombo chenye kifuniko na uiache kwa gereji inayoikusanya.

Ukiwa na safari ndefu, tuseme Dodoma hadi Singida au Babati kupitia Kondoa, badilisha siku kadhaa kabla, si usiku wa kuamkia safari, ili uvujaji wowote ujitokeze ukiwa bado karibu na fundi. Weka kwenye buti lita moja ya oili ile ile. Pima asubuhi kabla hujawasha. Taa nyekundu ya oili haipimi kiasi, inapima presha, na ikiwaka ukiwa mwendoni ujue presha imeshaondoka: simama pembeni, zima injini hapo hapo, pima kwa kijiti. Ikiwa oili imepungua, ongeza na uangalie chini kama inavuja. Ikiwa kiasi kipo na bado taa iliwaka, usiwashe tena. Tafuta gari la kukuvuta, hata kama Manyoni unaiona kwa mbele.