Kufufua Celica iliyogongwa, mjini Lubumbashi

Mwenye mfuko mdogo anayetamani gari la michezo hapa Lubumbashi atafute kwanza gari ambalo mafundi wa mtaani wanaijua injini yake. Mimi huelekeza watu kwenye Toyota Celica iliyoundwa kati ya 1999 na 2006, kwa kuwa zile zenye injini ya 1ZZ-FE ya lita 1.8 hutumia vipuri vingi vya injini vilevile vya baadhi ya Corolla na RAV4. Zenye 2ZZ-GE zina nguvu zaidi, lakini mwachie mwenye dola zake.

Kabla ya kutaja bei, lala chini ya gari. Celica haina shasi ya pekee. Bodi yenyewe ndiyo inayobeba kila kitu. Pima kwa futi ya utepe kutoka mahali mkono wa gurudumu la mbele kushoto unapofungwa hadi mahali pa la nyuma kulia, kisha pima mshazari wa pili, na ukikuta vipimo viwili vinapishana kwa zaidi ya milimita chache, ondoka, kwa sababu bodi iliyopinda hainyooshwi kwa nyundo na jicho. Pitisha sumaku kwenye milango pia: isiposhika, chini ya rangi kuna lipu.

Mito ya hewa ikiwa imefumuka, hesabu pamoja nayo mikanda na kompyuta yake, maana mara nyingi hivyo vyote hubadilishwa kwa pamoja, na hapo ndipo bei rahisi inapogeuka kuwa ghali.

1ZZ-FE za mwanzo hunywa oili, kwani matundu ya kurudishia oili kwenye pistoni hayakutosha. Ukiona moshi wa bluu, weka bei ya pistoni mpya katika hesabu yako.

Kazi ianze na bodi, ifuate miguu (springi, shokomzoba na mikono ya magurudumu) na breki, kisha injini. Rangi iwe ya mwisho. Betri ifunguliwe kabla ya kuchomelea. Wakati wa kiangazi vumbi ni jingi, basi mwaga maji sakafuni kabla ya kupuliza rangi, na jenereta iwe tayari, kwa sababu umeme ukikatika katikati ya mlango mmoja utaanza upya.

Gari lenye usukani wa kulia lina taa zinazomulika zaidi upande wa kushoto, na hapa kwetu, kwa kuwa tunaendesha upande wa kulia wa barabara, huko ndiko wanakotokea wanaokuja mbele yako. Kama taa zimevunjika katika ajali, nunua za Celica yenye usukani wa kushoto.